Moshi wa Bluu na Shikamoo ya Tomasi

Siku mliyoniaga gerejini, msemaji wenu alisimama akasema Fundi Masudi ni mtu mpole, hajawahi kumfokea mtu. Nilimtazama nikajiuliza huyu alifanya kazi gereji ipi. Nimekasirika karibu kila siku ya kazi yangu, na nimestaafu nikiwa bado nimekasirika. Mmeniomba niwaandikie niliyoyaona. Ya vyeo na mishahara nayaacha, hayajawahi kuwasha gari. Nitaandika habari za moshi wa magari ya turbo, na za dereva mmoja, Tomasi, aliyeitwa mwizi kwa sababu ya moshi huo.

Nilianza kazi nikitokea Kwihara kwa baiskeli. Nilipofika getini nilishuka, nikaiegemeza ukutani, ndipo nikamwamkia Mzee Kapama, fundi mkuu. Kwetu humwamkii mkubwa ukiwa juu ya tandiko. Ukimkuta njiani unashuka, hata kama kilima kiko mbele yako na gunia la mkaa liko nyuma yako. Naligusia hili mapema kwa sababu litarudi.

Mzee Kapama alijifunza dizeli kwenye vichwa vya treni, na aliongea na injini zaidi ya alivyoongea na watu. Siku hiyo ya kwanza hakunipa spana. Alinipa kitambaa cheupe, akanikalisha kwenye tofali nyuma ya lori la tumbaku, akaenda kuliwasha.

"Umeona nini?" akauliza.

"Moshi, mzee."

"Moshi hata mbuzi anauona. Wa rangi gani? Unanukaje? Na umetoka wakati gani: lilipowaka, lilipokanyagwa, au lilipoachwa likiunguruma?"

Nikasema sijui. Akalizima, akaliwasha tena. Nilishinda pale nikikohoa, na jioni mama yangu aliuliza kama nimeajiriwa gereji au kwenye tanuri la matofali.

Maswali yale matatu ndiyo elimu yangu yote, na bado sijaona mashine iliyoyashinda. Moshi mweusi ni mafuta mengi, hewa kidogo. Kabla hujagusa noozeli zinazopuliza dizeli ndani, fungua kwanza kichujio cha hewa. Kwa barabara zetu utakuta humo vumbi la kukandika ukuta. Kama gari lina turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, papasa na mipira inayopeleka hewa kwenye injini, maana mmoja ukipasuka hewa inatorokea hapo, na gari linafuka na kuwa zito kilimani. Moshi mweupe, uwekee kitambaa kisha nusa. Ukikuwasha macho, hiyo ni dizeli isiyoungua. Ukinukia utamu-utamu, maji ya rejeta yanaingia ndani na una kazi. Ule wa asubuhi ya baridi unaotoweka gari likipata moto, achana nao. Hata wewe asubuhi ya Juni mdomo wako unafuka.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Fundi wa mji huu akiona bluu anasema "ringi," yaani pete za pistoni zimekwisha, anaita wenzake, wanashusha injini. Hajauliza moshi umetoka wakati gani. Ringi zikichoka, moshi hutoka zaidi gari likibeba mzigo na kukanyagwa, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka, inakupumulia usoni. Turbo ikichoka, mara nyingi ukiliacha gari liungurume kwa muda kisha ukikanyaga, linatoa wingu. Vua mpira wa hewa, utaukuta umelowa oili. Ingiza kidole ushike kile kigurudumu cha ndani, utakisikia kinacheza. Kazi hiyo inaisha kabla chai haijapoa. Lakini nimeona injini nzima zimetandazwa juu ya magunia, mwenye gari ameshika kichwa, na kumbe kosa liko kwenye kitu cha ukubwa wa bakuli. Ukiwauliza wanakwambia huo ni uzoefu. Mimi nauita uvivu uliovaa ovaroli.

Tomasi alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la zahanati moja ya kanisa, huko ndani kuipita Sikonge. Alikuwa Mmoravian wa kuzaliwa, mwimbaji wa besi katika kwaya, na mtu mwenye adabu mpaka inakera. Akiingia gerejini alimwamkia kila mtu. Kama fundi yuko chini ya gari, Tomasi alichuchumaa, akainamisha kichwa mpaka aone uso wa aliyelala, ndipo akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mashamba. Kazi ilisimama mpaka amalize. Nilikuwa nikimfokea, naye ananijibu, "Samahani, fundi. Na mama, mguu wake unaendeleaje?"

Siku moja alikuja na gari linafuka bluu. Oili ilikuwa inapungua na chini hakuna hata tone. Alikuja na mkuu wake, Katibu wa zahanati, mzee mrefu wa miwani minene ambaye kule kwao neno lake halirudiwi. Kabla sijafika na kitambaa changu, fundi mwenzangu Kanoni alishatoa hukumu.

"Ringi hizi. Zimekufa kwa kukosa oili. Kama haivuji, Katibu, basi kuna mtu anaiuza."

Alisema hivyo Tomasi akiwa amesimama palepale, kofia mkononi. Nilimwambia Kanoni afunge mdomo. Nikavua mpira wa hewa, umelowa. Nikashika kigurudumu, kinacheza. Nikamwonyesha Katibu kwa kidole chake mwenyewe. Nikakagua bomba linalorudisha oili, nikalikuta safi, nikafunga turbo nyingine, na moshi ukakatika. Nikamwambia Tomasi ninalowaambia madereva wote wa turbo: ukifika, usizime papo hapo, liache liungurume kidogo kwanza. Akasema, "Ndiyo, fundi." Katibu naye akasema sawa, lakini hakumtazama dereva wake. Lile neno "anaiuza" lilikuwa limeshamwingia kama mbigili kwenye ndala.

Masika hayajaisha, gari likarudi likivutwa kwa kamba. Tomasi alikuwa amempakia mama mwenye uchungu wa kuzaa. Hawajafika mbali, moshi ukaanza, kisha injini ikapanda mngurumo yenyewe, mguu wake ukiwa hauko kwenye mafuta. Akachomoa ufunguo. Ikazidi. Jueni hili, ninyi mnaocheza na dizeli: turbo ikipasukia ndani, injini hunyonya oili yake yenyewe ikaifanya ndiyo mafuta, na hapo ufunguo ni pambo tu. Tomasi aliweka gia kubwa kuliko zote, akasimama juu ya breki kwa mguu mzima, akaachia klachi. Injini ikakabwa ikazima. Mama akahamishiwa kwenye lori la tumbaku, akajifungua salama mjini. Dereva aliyefanya hivyo nilitarajia apewe mkono. Katibu alimuuliza kitu kimoja tu: oili imekwenda wapi?

"Nilisema mimi," Kanoni akatia lake.

Zahanati ikaitisha kikao cha kumfukuza Tomasi kwa wizi. Hata kabla ya kikao watu walishamaliza hukumu. Kwaya ilimwambia apumzike kwanza. Watoto wake kisimani wakaitwa watoto wa oili. Alinieleza hayo kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anataja bei ya mahindi, na mimi nilitupa spana ukutani kwa niaba yake.

Nikaifungua ile turbo iliyokufa. Ndani, kwenye mhimili, oili ilikuwa imeungua ikakauka nyeusi, ukoko mtupu, kama wali uliosahaulika jikoni. Hapo nikajua kilichoiua. Turbo inazunguka kwa kasi ambayo jicho halioni, karibu na moto wa bomba la moshi, na kinachoilinda ni oili inayosukumwa na injini. Ukitoka mwendo mkali ukazima ghafla, oili inasimama lakini kigurudumu bado kinazunguka na moto haujaondoka. Oili iliyobaki humo inapikwa. Fanya hivyo kila siku, utakula ukoko.

Nikamuuliza, "Tomasi, ukifika unaizimaje injini?"

"Kwa ufunguo, fundi."

Nikafunga turbo ya tatu, nikamwambia msimamizi wetu kwamba naondoka na gari lile mpaka kwenye hicho kikao, akitaka asitake.

Tulitoka mjini asubuhi. Kwenye lami alikwenda vizuri, kwenye vumbi akaendesha kwa akili, hakukwaruza gia, hakuruka shimo. Nikaanza kujiuliza kama nimekosea. Kisha tukafika kijiji kimoja alikotakiwa kumpelekea mgonjwa dawa zake. Mzee wa nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Tairi hazijatulia vizuri, Tomasi ameshazima, ameshashuka, ameshainama. Mimi nikabaki ndani nikiisikia turbo inalia filimbi peke yake, kavu, bila tone la oili jipya.

"Tomasi!" nikapiga kelele dirishani. "Nilikwambia nini? Iache iungurume!"

Yule mzee aliniangalia kama mbwa aliyeingia kanisani. Tomasi hakugeuka. Alimaliza salamu, afya ya mama, ng'ombe, mvua, mjukuu aliyeko Bukene, yote. Ndipo akarudi.

"Fundi, umekatiza salamu."

"Na wewe umekatiza oili!"

"Sasa nimwamkie mzee na mngurumo? Si ni sawa na kumwamkia nikiwa juu ya baiskeli?"

Nikaikumbuka baiskeli yangu, niliyoiegemeza ukutani ndipo nikamwamkia Mzee Kapama. Nilikuwa nimezeeka nikiwafokea madereva kwa kwenda mbio, kwa kupakia kupita kiasi, kwa kununua oili ya vichochoroni. Huyu alikuwa anaua turbo kwa heshima. Kila mji aliposimama, kila mzee aliyemkuta, kila mama mwenye mgonjwa, alizima kwanza ndipo akaamkia. Na mwendo wa kubeba mgonjwa si wa kutembeza arusi. Turbo ilikuwa inafika kila mahali imeiva.

"Lakini nilikwambia uiache kidogo," nikasema.

"Niliiacha, fundi. Mwanzoni niliiacha." Akawasha gari, tukaendelea na safari.

Aliyenipa lililobaki ni muuguzi wa pale, dada Anna, aliponiletea uji tukisubiri kikao. Alisema gari lilipokuwa jipya Tomasi alikuwa akiliacha liungurume, kama alivyofundishwa na waliolileta. Siku moja Katibu alikuwa uani na wageni wa kanisa. Tomasi akaja, akashuka, akaamkia injini ikiwa inawaka. Katibu akamwambia mbele za watu, "Unaniamkia na mngurumo? Mimi mbuzi wa mnadani? Zima kwanza, ndipo uje!" Tangu siku hiyo, alisema Anna, Tomasi anazima kabla hata vumbi halijatua.

Niliuweka uji chini, nikaenda garini kuichukua ile turbo iliyokufa.

Kikao kilikaa kwenye chumba cha kliniki ya watoto, chini ya mizani ya kupimia watoto. Niliweka turbo iliyokufa mezani, nikaukwangua ukoko kwa msumari mbele yao, nikaeleza polepole, jambo ambalo mnajua si kawaida yangu. Nikasema oili haikuuzwa, iliungua, na njia iliyopitia ni hii hapa. Wajumbe wakainama kuangalia. Mmoja akaigusa, akajifuta.

Katibu akavuta pumzi. "Basi tumekuelewa, fundi. Si mwizi. Lakini ni mharibifu. Wewe umesema mwenyewe kwamba ulimkanya, naye akakaidi. Gari la wagonjwa si la mtu mkaidi."

Nikamgeukia Tomasi. Alikuwa na sentensi moja tu ya kujiokoa, na watoto wake nyumbani walikuwa wanaihitaji. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sema, Tomasi."

"Sina la kusema, fundi. Katibu ni mkubwa wangu."

Basi nikasema mimi. Sikusema kwa adabu, na sijuti hata leo. Nilisimama nikamwambia Katibu kwamba aliyemkataza kuiacha injini iungurume ni yeye, kwa mdomo wake, mbele ya wageni, kwa sababu alitaka shikamoo yake ifike haraka na ifike kimya. Nikamwambia turbo mbili zimekufa ili masikio yake yastarehe, mama nusura azalie barabarani, na anayetolewa kafara ni mtu aliyemtii. Nikamwuliza kama analikumbuka neno la mbuzi wa mnadani. Sauti yangu, nadhani, ilisikika mpaka kwa wagonjwa.

"Ni kweli," dada Anna akasema kutoka mlangoni. "Nilikuwepo."

Katibu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akasema Tomasi aendelee na kazi, na tufunge kwa sala. Katika sala akaomba Mungu atupe hekima "sisi sote" tuliopotoka. Hiyo "sisi sote" bado inanikaa kooni. Kosa lilikuwa la mtu mmoja, toba ikagawiwa kama sadaka. Hakumwomba radhi Tomasi, si siku ile wala baadaye, na nafasi yake kwenye kwaya alirudishiwa bila maelezo, kana kwamba alikuwa safarini.

Nje nilimsubiri Tomasi nikitegemea mkono wake. Alikuja, akasimama mbali kidogo.

"Umemwaibisha mkubwa wangu mbele za watu, fundi."

"Yeye amekuita mwizi mbele za watu!"

"Alinikosea. Sasa na mimi nimemkosea, kwa mdomo wako."

Nikamwambia akapimwe kichwa palepale zahanati. Alinirudisha mjini. Tulipofika gerejini aliacha injini iungurume, mikono kwenye usukani, macho mbele, mpaka moto ulipotulia. Ndipo akazima. Alikuwa ameelewa kila kitu, na hakuwa amenisamehe hata kimoja.

Kule kwao mambo yalibadilika yenyewe. Nilisikia kwa dada Anna kwamba gari likifika sasa watu hawalisogelei. Wanasimama wanasubiri, wazee kwa watoto, mpaka linyamaze, kisha salamu zinaanza. Hata Katibu husimama, mikono nyuma, akitazama miti. Turbo ile ya tatu haijafunguliwa mpaka leo. Kanoni bado anasema ni ringi.

Ila mimi Tomasi alinilipa kwa njia yake. Kila alipoleta gari kubadilishwa oili, alisimama getini akaliacha liungurume, akinitazama kana kwamba mimi ni nguzo ya umeme. Nami nilisimama, ningefanya nini? Likizimwa alishuka, akainama vizuri kabisa. "Shikamoo, fundi." "Marahaba." Basi. Hakuuliza mke, hakuuliza mtoto, hakuuliza mguu wa mama, wala mama alipofariki hakusema zaidi ya pole. Mtu aliyechuchumaa kumwuliza aliyelala chini ya lori habari za mashamba yake, mimi alinikata hapo kwenye marahaba. Ilinikera kuliko moshi wowote. Nilikuwa nimemwokolea kazi, jina na kwaya, na yeye ananipa salamu ya mpita njia.

Siku yangu ya mwisho, kabla hamjaanza hotuba zenu, gari la wagonjwa liliingia getini. Halikuwa na miadi wala ugonjwa. Tomasi aliliacha likiunguruma. Badala ya kusimama kama nguzo, nilichukua kitambaa cheupe, nikaenda nyuma, nikakiweka mbele ya bomba la moshi, nikakitazama. Kilikuwa cheupe kama kilivyokuwa. Nikakinusa, hakina kitu. Nilipozunguka kurudi mbele, injini ilishazimwa na yeye ameshashuka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Tomasi. Moshi ni safi."

Nikageuka niende zangu.

"Nyumbani hawajambo?"

Nikamfokea. Mlisikia wote, na ndiyo maana namshangaa yule msemaji wenu. Nilimwambia miaka yote hii mke wangu ameugua na kupona, mama nimemzika, paa limeezuliwa na upepo, binti yangu ameolewa, na yeye akifika ananitazama kama nguzo, leo nimeshika mfuko wa kuondokea ndipo anauliza nyumbani? Nikamwambia ana moyo mgumu kuliko silinda. Nikamwambia na Katibu wake pia, popote alipo. Nilisema mpaka pumzi ikaniishia.

Tomasi alikuwa amesimama vilevile, ameinama kidogo, mikono mbele, akisubiri nitulie.

"Pole, fundi," akasema. "Na huyo binti, amepata mtoto?"